Mwambieni Mwanamke Kilichomo Ndani ya Chupa

Kila Oktoba miji yetu huvaa waridi. Dar es Salaam, Nairobi, Arusha, Mombasa: fulana za waridi, riboni kifuani, matembezi ya alfajiri, mgeni rasmi na hotuba yake. Madaktari huwafundisha wanawake kujipapasa matiti mbele ya kioo. Huwaeleza habari za umri, za ukoo wenye historia ya ugonjwa, za uzito wa mwili, za kunyonyesha. Yote ni kweli na yote yanafaa. Lakini katika hotuba nyingi nilizozisikiliza na vipeperushi vingi nilivyovisoma, kuna jambo linalorukwa kana kwamba kulitaja ni kumvunjia mtu heshima. Jambo hilo ni pombe.

Pombe husababisha saratani ya titi. Nasema husababisha, na sitalipunguza makali neno hilo. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile lenye moshi wa tumbaku na asbestosi. Mwaka 2007 wataalamu wake wakakaa tena, wakapitia ushahidi uliokuwa umerundikana, wakaliongeza titi la mwanamke katika orodha ya viungo vinavyoshambuliwa, pamoja na mdomo, koromeo, zoloto, umio, ini na utumbo mpana. Binti aliyezaliwa mwaka huo leo ana umri wa kununua bia bila kuvunja sheria. Amelelewa, amesomeshwa, amefanya mitihani ya biolojia, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia.

Hapo ndipo ilipo hasira yangu. Siandiki ili kumtukana mwanamke anayekunywa. Matusi ameshapewa ya kutosha maisha yake yote. Nawaandikia wanaojua na wakanyamaza.

Tuanze na chupa yenyewe, kwa sababu udanganyifu huanzia kwenye ukubwa wake. Bia ya kawaida ya Tanzania na Kenya ni nusu lita, yenye kilevi cha asilimia 5 hivi. Piga hesabu: mna karibu gramu 20 za kilevi halisi. Watafiti wanapopima madhara ya pombe, kipimo chao cha kawaida ni gramu 10. Maana yake ni kwamba kile kinachoitwa kinywaji kimoja katika vitabu vyao ni nusu tu ya chupa yetu. Dada anayejitetea kwamba yeye hunywa moja tu akitoka kazini, kwa hesabu ya maabara amekunywa viwili.

Mwaka 2002 watafiti walioratibiwa kutoka Oxford walikusanya tafiti 53 zilizokuwa zimefanywa sehemu mbalimbali, zenye wanawake zaidi ya 58,000 waliougua saratani ya titi, wakawalinganisha na wasiougua. Walichokikuta ni hiki: kila gramu 10 za kilevi kwa siku ziliongeza hatari kwa karibu asilimia 7. Wakaiweka kwa namna ambayo hata asiyependa takwimu ataielewa. Katika nchi tajiri, kati ya wanawake 100 wasiokunywa kabisa, karibu 9 hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Kati ya 100 wanaokunywa gramu 20 kila siku, yaani chupa yetu moja, huwa 10. Kati ya wanaokunywa kiasi cha chupa zetu tatu kila siku, huwa 13.

Najua mtakachosema. Mmoja kati ya mia, ndiyo kelele zote hizi? Ndiyo, kelele zote hizi. Huyo mmoja ni mke wa mtu na mama wa watu, naye angeweza kubaki mzima. Umri hauzuiliki. Ukoo hauchaguliwi. Kuzaliwa mwanamke si kosa linalorekebishwa. Katika orodha nzima ya mambo yanayoleta ugonjwa huu, machache mno yako mikononi mwa mwanamke mwenyewe, na hili ni mojawapo. Kisha hilo hilo ndilo tunalomficha.

Tena tunamficha mwanamke wa huku kwetu, ambako ugonjwa huu huua kuliko kwingine. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na 670,000 wakafariki kwa ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani lilipotazama nani anaugua na nani anakufa, lilikuta kwamba katika nchi zenye maendeleo ya juu kabisa mwanamke 1 kati ya 12 huugua katika maisha yake, lakini anayekufa ni 1 kati ya 71. Katika nchi za chini kabisa anayeugua ni 1 kati ya 27, na anayekufa ni 1 kati ya 48. Wanaugua wachache zaidi, wanakufa wengi zaidi. Muulizeni yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya Taasisi ya Saratani Ocean Road akisubiri mgonjwa wake aitwe: wengi hufika uvimbe ukiwa umeshapasua ngozi au umeshafika kwenye mifupa, baada ya dawa za mitishamba, maombi, na ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya nauli. Kwa mwanamke wa namna hiyo kinga ndiyo tiba pekee aliyo nayo kwa hakika, na kinga huanza kwa kuambiwa.

Wengine wataniletea bibi. Bibi yetu alikunywa mbege tangu ujana na alifika miaka tisini. Kila ukoo una bibi wa namna hiyo, Mungu amrehemu. Na kila ukoo una shangazi aliyekufa akiwa na miaka arobaini na kitu kwa "uvimbe" ambao hakuna aliyeupa jina. Huyo hatumtaji tunapokuwa mezani.

Sasa kwa nini nasema mwanamke, wakati mwanamume naye anakunywa, tena anakunywa zaidi? Kwa sababu miili haifanani, na wauzaji wanalijua hilo fika. Kilevi husambaa katika maji ya mwili. Mwanamke ana maji machache na mafuta mengi kuliko mwanamume mwenye uzito kama wake, kwa hiyo kilevi kile kile hukolea zaidi katika damu yake. Juu ya hapo, kimeng'enya kinachoanza kukivunja kilevi tangu kikiwa tumboni hupatikana kwa uchache zaidi kwa wanawake. Mume na mke wakikaa meza moja wakanywa chupa sawasawa, damu ya mke ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Ndiyo maana ini la mwanamke huingia makovu baada ya miaka michache zaidi ya unywaji na kwa pombe kidogo zaidi. Ini likishakikamata kilevi hukigeuza kuwa asetaldehaidi, sumu inayovunja vinasaba na kuzuia mwili usivirekebishe. Wakati huo huo pombe hupandisha kiwango cha estrojeni katika damu, na estrojeni kwa uvimbe mwingi wa titi ni sawa na mbolea kwa gugu. Kemia hiyo haijali kama kilevi kimetoka kwenye mvinyo wa bei mbaya wa hotelini, kwenye bia, kwenye mnazi au kwenye gongo.

Hiyo ndiyo elimu niliyotaka binti wa 2007 apewe. Badala yake alipewa mahubiri.

Sina ugomvi na dini. Imani inayomwambia muumini wake asiguse pombe imemkinga na mengi, na wanawake wengi wa pwani na bara wasioonja kabisa wana sababu zao njema. Ugomvi wangu ni na jamii iliyofanya aibu kuwa ndiyo sera pekee ya afya kwa mwanamke. Mwanamume akilewa tunasema kachangamka. Akirudi saa nane usiku tunasema ana mawazo. Mwanamke akionekana na chupa baa, tayari ana jina, na jina hilo halitamwondoka. Matokeo yake ni nini? Ameacha kunywa? Hapana. Amejificha. Anakunywa kwenye kikombe cha chai watoto wakiwa sebuleni. Anakunywa chumbani baada ya mume kulala, au kabla mume hajarudi kumpiga, naye mume huyo akiwa amelewa kuliko yeye. Nesi akimuuliza kama anatumia kilevi anajibu hapana haraka haraka, kwa sababu nyuma yake wamepanga foleni majirani zake. Macho yakianza kuwa ya njano na tumbo kujaa maji, atapelekwa kwa mganga kutafutiwa aliyemroga. Aibu haijawahi kuponya ini la mtu. Kazi inayoifanya ni kumchelewesha mgonjwa.

Hakuna mahali ambapo kimya chetu kimetugharimu kama kwenye mimba na uzazi. Huku tunakwenda mbali kuliko kunyamaza: tunafundisha uongo, tena kwa upendo. Mjamzito akipungukiwa damu ataambiwa anywe bia nyeusi, inaongeza damu. Au mvinyo mwekundu, kwa kuwa rangi yake inafanana na damu. Akijifungua na maziwa yakisuasua ataletewa pombe, ya kienyeji au ya dukani, ili yateremke. Mama mkwe anayeileta chupa hiyo hana ubaya wowote moyoni. Ndivyo alivyoletewa yeye. Nimesikia ushauri huo ukitolewa na watu waliovaa koti jeupe.

Bia nyeusi haina madini chuma ya maana. Mvinyo mwekundu umepata rangi yake kwenye maganda ya zabibu. Kibaya zaidi ni kwamba pombe huuzuia mwili kufyonza foliki, ile ile tunayowapa wajawazito kwa vidonge kliniki kwa sababu bila hiyo damu haitengenezwi sawasawa na uti wa mgongo wa mtoto haufungi vizuri. Yaani mkono mmoja unampa mama kidonge, mkono mwingine unampa kinachokitangua.

Na maziwa? Julie Mennella, mtafiti wa Philadelphia, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1991 alionyesha kwamba mama anyonyeshaye akinywa pombe harufu ya maziwa yake hubadilika, na mtoto hunyonya maziwa machache zaidi katika saa zinazofuata. Tafiti zake za baadaye zikaonyesha sababu: pombe hushusha oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Mama huhisi titi limejaa akadhani maziwa yameongezeka, kumbe yamekwama. Kilevi chenyewe huingia kwenye maziwa kwa kiwango kile kile kilichomo katika damu ya mama. Tunamwekea kichanga wa wiki mbili, mwenye ini lisilokomaa, kilevi kwenye chakula chake, kisha tunajipongeza kwa kumhudumia mzazi.

Mtoto aliye tumboni ndiye asiye na pa kukimbilia kabisa. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza kundi la watoto wa akina mama waliokunywa sana wakiwa wajawazito: macho yenye upenyo mdogo, mdomo wa juu mwembamba, kifereji kati ya pua na mdomo kilichotandazika, vichwa vidogo, akili inayochelewa. Leo tunajua kwamba watoto wengi walioathirika hawana alama yoyote usoni. Alama iko kwenye ubongo. Ni yule mtoto asiyekaa chini, anayesahau leo alichofundishwa jana, ambaye hesabu hazimwingii na hasira haziishi. Mwalimu anamchapa kwa utundu, mzazi anamchapa kwa uvivu, na fimbo zote hizo haziwezi kurekebisha kilichoharibika mwezi wa pili wa mimba. Hakuna dawa yake. Hudumu naye mpaka uzeeni.

Anayedhani ni ugonjwa wa mbali atazame Afrika Kusini. Katika mashamba ya zabibu ya Western Cape, kwa vizazi na vizazi, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo; utaratibu huo waliuita dop. Sheria ilikuja kuupiga marufuku, lakini ulevi uliopandwa humo haukung'oka. Uchambuzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nchini humo watoto zaidi ya 100 katika kila 1,000 wana madhara ya pombe waliyoyapata tumboni, kiwango cha juu kuliko nchi yoyote iliyochunguzwa. Wanawake wale hawakuwa wabaya kuliko wengine. Waliishi mahali ambapo pombe ilikuwa rahisi kuliko maziwa, na waliofaidika na mpango huo hawakuwa wao.

Kwa mwanamke aliyekunywa kabla hajajua kwamba ana mimba, na hao ni wengi, nina maneno mawili: acha leo. Usijinyonge kwa majuto. Ubongo wa mtoto hujengwa miezi yote tisa, na kila wiki bila pombe ni wiki aliyookolewa.

Sasa nije kwa wenye mali.

Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hawanywi kabisa. Kwa daktari hiyo ni habari njema. Kwa mfanyabiashara wa pombe ni shamba lisilolimwa. Ndiyo maana miaka hii tumeletewa bia "nyepesi", vinywaji vitamu vyenye ladha ya matunda na kilevi kilichofichwa ndani ya sukari, chupa nyembamba za kushikwa na vidole vyenye rangi. Ndiyo maana kwenye kicheni pati na sendofu, ambako zamani mama wa makamo aliketi kumfunda mwali, sasa kamati ya vinywaji ndiyo yenye bajeti nene kuliko zote, na mgeni asiyeshika glasi anaulizwa anaringa nini. Matangazo yanamwambia binti kwamba kunywa ni kujitambua, ni kuwa huru, ni kuwa sawa na mwanamume. Nimeutetea usawa maisha yangu yote, na sitakubali utumiwe kumuuzia mwanamke sumu huku akifichwa kwamba inamdhuru kuliko mwanamume anayeambiwa ni sawa naye.

Msidhani kwamba wamenyamaza kwa kutojua. Mwaka 2017 Mark Petticrew na wenzake wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichambua maelezo ya asasi karibu 30 zinazofungamana na viwanda vya pombe katika nchi mbalimbali, zile zinazojitangaza kufundisha "unywaji wa kistaarabu". Walikuta nyingi zinapotosha habari za saratani: ama zinaikana, ama zinaizamisha katikati ya visababishi vingine ishirini hadi isionekane. Na saratani iliyopotoshwa zaidi, pamoja na ile ya utumbo mpana, ni ya titi.

Mwaka huo huo, huko Yukon, kaskazini mwa Kanada, watafiti walibandika kwenye chupa za duka moja la serikali maneno yanayosema kwamba pombe inaweza kusababisha saratani, ikiwemo ya titi. Ilikuwa Novemba. Wenye viwanda wakalalamika, kukawa na hofu ya kesi, na Desemba, takriban mwezi mmoja tu, zoezi likasimamishwa. Liliporejea, neno saratani halikuwamo tena. Ireland ilipitisha mwaka 2023 kanuni za kuweka onyo la saratani kwenye kila chupa kuanzia Mei 2026. Viwanda vikabana, na serikali ikasogeza mbele hadi 2028. Na huko Marekani, mwaka 2018, taasisi kuu ya utafiti wa afya ya nchi hiyo ililazimika kuufunga mradi wa dola milioni 100 uliokusudia kupima kama kinywaji kimoja kwa siku kinaufaa moyo, baada ya kugundulika kwamba fedha nyingi zilitoka kwa makampuni makubwa ya pombe na kwamba wao walishirikishwa katika maandalizi yake tangu mwanzo. Mkiambiwa tena kwamba glasi ya mvinyo ni dawa ya moyo, ulizeni nani alilipia utafiti.

Na chupa zetu zinasema nini? Sheria ya Kenya ya mwaka 2010, ile iliyokuja kuitwa sheria ya Mututho, inataka maonyo kwenye chupa, na maonyo hayo ni ya kunywa kupita kiasi: ni hatari kwa afya, hudhuru ini, huharibu uamuzi. Huku Tanzania nako lugha ni hiyo hiyo ya kupita kiasi. Mwanamke anayekunywa chupa moja jioni anasoma, anaona hahusiki, anafungua. Wakati huo huo Shirika la Afya Duniani lilishatamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na kwa saratani ya titi hatari huanza kupanda chini kabisa ya chupa hiyo moja. Onyo la namna hii linamtuliza yule yule lililopaswa kumshtua.

Serikali zetu zisijifiche nyuma ya ugumu. Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyouzwa hadi kwenye meza za karanga, na vikatoweka madukani. Julai 2025 Kenya ilitoa sera ya taifa inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21. Nguvu ipo ikitakiwa. Lakini makampuni ya bia ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa nchi hizi, na mtu anayekulipa mshahara ni vigumu kumwandikia onyo kwenye bidhaa yake.

Nguvu hiyo tunaiona zaidi ikishuka juu ya mwanamke maskini. Gongo na chang'aa hupikwa na kuuzwa sana na wanawake: wajane, walioachwa, wenye ada ya shule inayodaiwa. Kenya wanamwita mama pima. Anavuta moshi wa kuni siku nzima, anaonja kila pipa kuhakikisha ukali, na jioni polisi wanakuja kuchukua chao au kumchukua yeye. Pombe ikichanganywa na methanoli watu hupofuka na kufa, kama walivyokufa wengi Mei 2014 katika kaunti za Kenya, na 17 kule Kirinyaga mwanzoni mwa 2024. Mama pima anafikishwa mahakamani. Mwenye kiwanda anakabidhiwa tuzo ya mlipa kodi bora. Sisemi gongo iachwe, ni sumu. Nasema mwanamke huyu amepewa rungu mahali alipostahili mkopo.

Na mhudumu wa baa? Mshahara wake hautoshi kodi ya chumba, anaishi kwa chenji anazoachiwa. Mteja anamwambia, "Na wewe chukua moja, andika kwangu." Akikataa, mteja anahamia meza ya mwingine na meneja anamnunia, maana chupa anayokunywa yeye nayo ni mauzo. Kufika usiku wa manane amekunywa nne au tano asizozitaka, na kesho hivyo hivyo, na atakwenda nyumbani na nani ni jambo ambalo pombe imeshamwamulia. Mjenzi tunamvalisha kofia ya chuma. Mkaguzi wa kazi hajawahi kuuliza ini la dada huyu linalindwa na nini.

Madai yangu yanajulikana na yanatekelezeka. Kila chupa iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka bila miwani: pombe husababisha saratani ya titi; pombe humdhuru mtoto aliye tumboni. Kampuni ya pombe isidhamini kampeni yoyote ya afya ya mwanamke, na mwandaaji anayepokea fedha hizo aulizwe hadharani. Kliniki za wajawazito ziulize habari za pombe faraghani, kwa kila mama, kwa sauti ile ile wanayoulizia malaria. Wakufunzi wa wauguzi na wakunga wafute hadithi ya bia inayoongeza damu kabla haijafika kizazi kingine.

Kwa dada anayesoma na anataka kupunguza au kuacha: inafaa, hata kama umechelewa. Wataalamu wa lile shirika la saratani la Lyon walitamka mwaka 2023 kwamba kuacha au kupunguza hushusha hatari ya saratani ya mdomo na ya umio. Kwa titi ushahidi wa kiasi cha kushuka huko bado ni mdogo, nami siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Ini lisiloingia makovu hupona kwa kiasi cha kushangaza. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asikate ghafla akiwa peke yake, wala jamaa wasimfungie chumbani wakidhani wanamsaidia. Mwili uliozoea ukinyimwa unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitali: Muhimbili, Mirembe, Mathari, au ya wilaya iliyo karibu. Mwelezeni daktari kiasi anachokunywa, chupa kwa chupa, bila kukipunguza kwa aibu. Na daktari akianza kumkemea, ombeni kuonana na mwingine.